Unaogopa kumwomba mtu wa nchi nyingine akusimulie kazi yake? Anza kwa kulipunguza ombi

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo dada. Mi ni mhandisi wa maji, nina miaka 28, nataka kuhamia upande wa utabiri wa mafuriko. Nilipo sijapata mtu anayefanya kazi hiyo, kwa hiyo nimetengeneza orodha ya watu 11 walioko Uholanzi, Ujerumani, Japani na Kanada, nataka niwaombe tuongee tu wanieleze kazi yao ikoje. Hii ni wiki ya sita sijatuma hata meseji moja. Naandika, nafuta, moyo unadunda, mikono inatoa jasho, najiona kama ombaomba. Lafudhi yangu nayo inanitia hofu. Nimekutumia rasimu yangu, ile orodha na maswali tisa ninayotaka kuwauliza. Nifanyeje niache kuogopa?"

Marahaba mdogo wangu. Nashukuru umeleta na rasimu yenyewe, maana wengi wananiuliza swali hilihili ila wanaleta woga mtupu bila karatasi afu nabaki nakisia. Yako nimeisoma mara tatu, na orodha nimeipitia jina kwa jina.

Naomba tuanze na aya ya nne ya rasimu, pale ulipoandika "nitashukuru sana kama utaweza kunisaidia kwa namna yoyote ile katika safari yangu". Sasa jifanye wewe ndo umeipokea hiyo, umetoka kazini umechoka, mtu usiyemjua kutoka nchi ambayo hujawahi kufika anakwambia umsaidie kwa namna yoyote ile. Namna ipi? Anataka kazi? Barua ya udhamini? Ada ya chuo? Msaada wa visa? Anataka mara moja au kila mwezi? Hujui, na mtu asipojua anaombwa nini anafunga meseji anasema nitajibu wikiendi, na wikiendi haifiki. Lakini kubwa zaidi, hata wewe mwenyewe hujui unaomba nini, na nina hakika kabisa hapo ndipo mkono wako unapoanzia kutetemeka. Ukiomba kitu kisicho na mpaka unajikuta umeshabeba deni lisilo na mpaka kabla hata hujajibiwa, lazima ujione ombaomba. Dakika 20 za mtu kusimulia mwaka wake wa kwanza kwenye kazi hazimfanyi mtu ombaomba, hata wewe ukiombwa hizo dakika na mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetaka kujua makalavati yanapimwaje ungempa, tena ungefurahi.

Kwa hiyo kwanza punguza ombi mpaka uweze kulisema kwa pumzi moja. "Naomba dakika 20 za simu, nina maswali matatu kuhusu ulivyohama kutoka kwenye ubunifu kwenda kwenye utabiri." Likisemeka hivyo woga unapungua wenyewe, sisemi unaisha, unapungua, kwa sababu sasa kuna kitu kidogo cha kukataliwa. Akikataa amekataa dakika 20, hajakukataa wewe na ndoto zako zote.

Najua utaniambia hata dakika 20 nani atampa mtu asiyemjua. Hili lilishapimwa. Mwaka 2008 watafiti Francis Flynn na Vanessa Lake waliwatuma watu wakawaombe wageni wajaze dodoso, na kabla ya kwenda wakaulizwa mnadhani mtawaomba wangapi mpaka mpate watano. Wakasema kama 20. Walipoenda kweli ikatosha kama 10. Wakajaribu na maombi mengine, kuazima simu, kusindikizwa mahali, mambo yakawa vilevile, muombaji anajikadiria chini. Sababu waliyoitoa mi naiona kila siku kwenye kazi hii: anayeomba anafikiria usumbufu anaompa mwenzake, wakati anayeombwa anafikiria jinsi ilivyo vigumu kumwambia mtu hapana. Kila mmoja anaangalia upande wake wa meza.

Ila sitaki nikupe nusu ya habari, maana ukipewa nusu afu usijibiwe utaumia zaidi. Hao walikuwa wanaomba uso kwa uso. Mwaka 2017 huyohuyo Vanessa, ambaye sasa anaandika kwa jina la Bohns, na mwenzake Roghanizad walilinganisha ombi la ana kwa ana na la imeili, likaonekana la ana kwa ana lilifanikiwa mara 34 zaidi, na waliotuma imeili ndo walikuwa wamejikadiria juu kupita kiasi. We utakuwa unaandika, huwezi kwenda kusimama mlangoni kwa mtu Kanada. Kwa hiyo kimya utakipata, kingi tu, na hicho kimya kinatokana na maandishi kukosa uso, hakina uhusiano na thamani yako. Ukilijua hilo mapema kazi yako inakuwa moja, kuyapa maandishi yako uso, mtu asome aone kuna binadamu mmoja amemwandikia yeye na sio ametumiwa pamoja na wengine hamsini.

Uso unatokea wapi? Kwenye kitu kimoja cha kweli unachokijua kuhusu yeye. Rasimu yako inasema "nimevutiwa na kazi zako nzuri", hiyo unaweza kumtumia mpishi, rubani au daktari wa meno na isibadilike neno. Lakini kwenye orodha yako, mbele ya jina la saba, umeandika kwa mkono wako "alianza kwenye ubunifu wa mabwawa, akahamia utabiri baada ya miaka 6". Mdogo wangu, hiyo ndo dhahabu yenyewe, na haimo kwenye rasimu! Umeificha kwenye orodha. Mtu akiona umeijua njia aliyopita anajua kwanini umemchagua yeye, na swali la "kwanini mimi" ndo la kwanza kila mtu anajiuliza akipokea meseji ya mgeni.

Afu kabla hujamwandikia yeyote, tafuta kama kuna mtu yeyote katikati yenu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha uchunguzi wa watu waliopata kazi kupitia kwa mtu, akakuta asilimia 16.7 tu ndo walikuwa wanaonana na huyo mtu mara kwa mara, asilimia 55.6 walikuwa wanaonana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra sana. Yaani ndugu na marafiki wa karibu wanajua mnayojua nyote, habari mpya inakuja na mtu wa mbali. Mwaka 2022 watafiti wakaja kuipima tena kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, kwa muda wa miaka mitano, ikaonekana uhusiano wa mbali ndo unaoleta kazi mpya, ila sio wa mbali kabisa kupita wote, bali wa mbali kiasi, mnaojuana na watu kadhaa wa pamoja. Ndo maana nakwambia angalia kwanza: mwalimu wako wa chuo, mtu mliyekuwa naye semina ya mtandaoni, mtu aliyesoma IHE Delft pale Uholanzi, maana chuo kile kimekuwa kinafundisha wahandisi wa maji kutoka dunia nzima tangu 1957 na waliopita pale wametapakaa kila kona. Ukipata hata mmoja anayeweza kusema "huyu namfahamu", humwandikii tena mgeni, na woga nao unabadilika sura.

Sasa rasimu. Yako ina maneno karibu 400 na ndani yake nimehesabu "samahani" tano. Nazielewa, sisi tukiomba kitu tunatanguliza adabu, salamu, tunaulizia afya, tunazunguka kidogo ndo tunafika. Kwa lugha yetu huo ni utu na usiuache ukiwa unaandikia watu wako. Ila msomaji wa mbali akikuta samahani tano anaanza kutafuta kosa liko wapi. Mimi ningeiandika hivi, nawe utaigeuza kwenye lugha mnayoelewana:

"Habari Dkt. (jina), mimi ni mhandisi wa maji, nimebuni mifereji na makalavati kwa miaka mitano na sasa najiandaa kuhamia kwenye utabiri wa mafuriko. Nimeona ulianza kwenye mabwawa kabla ya kuingia kwenye utabiri, ndiyo njia ninayoifikiria. Naomba dakika 20 za simu ndani ya wiki tatu zijazo, nina maswali matatu kuhusu mwaka wako wa kwanza baada ya kuhama. Siombi kazi wala udhamini. Kama wakati si mzuri nitaelewa, na hata jibu la mistari miwili kwa maandishi litanisaidia. Asante sana."

Haifiki maneno 100. Angalia ile sentensi ya "kama wakati si mzuri nitaelewa", watu wengi wananikatalia hiyo, wanasema unampa mtu mlango wa kutokea. Ndiyo, nampa. Mtu mwenye mlango wa kutokea anakaa kwa raha. Na we pia inakutuliza, maana ukishamruhusu mtu kukataa kwa mdomo wako mwenyewe, akikataa ametumia ruhusa uliyompa. Ile ya "siombi kazi" nayo uimaanishe, usiiandike afu katikati ya simu ukachomoa wasifu. Mtu akigundua ameitwa kwa jambo moja akaletewa lingine hataamini tena wa nyuma yako.

Kuhusu jinsi ya kuwaita, nchi zako nne haziko sawa, na kujua hili mapema kunaondoa woga wa aina fulani, ule wa kuogopa kukosea adabu za watu. Ujerumani anza na Herr au Frau na jina la ukoo, na kama ana udaktari utaje, subiri yeye ndo akwambie niite jina la kwanza. Uholanzi watakurukia na jina la kwanza mapema tu na watakujibu moja kwa moja bila kuzungusha, mtu akikwambia "hilo swali halijakaa vizuri" hajakutukana, anajibu swali. Kanada jina la kwanza ni kawaida. Japani tumia jina la ukoo ukiongeza -san, na huko kumtembelea mtu aliyesoma chuo chako akakusimulia kazi ni kitu kinachojulikana kabisa, wanafunzi wanafanya wakati wa kutafuta kazi, kwa hiyo ombi lako halitamshangaza, ila ukipata mtu wa kukutambulisha itakuwa rahisi zaidi.

Saa nayo nakuomba uwe makini nayo sana. Andika saa kwa tarakimu na useme ni ya wapi, "15:00 saa za Amsterdam", usije ukaandika saa tisa kichwani una ya kwetu, ukaigeuza ikawa 9:00, mwenzako akakusubiri asubuhi nzima. Na kumbuka Ulaya wanasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Kanada sehemu kubwa wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, Japani hawagusi kabisa. Kwa hiyo kuna wiki kama mbili tatu za Machi ambapo hesabu uliyoizoea inakudanganya, na Kanada yenyewe ina kanda sita za saa, usiseme "saa za Kanada".

Turudi kwenye moyo kudunda, maana najua pamoja na yote haya ukifika kwenye kitufe cha kutuma utadunda tu. Acha udunde. Mwili wako umeona hatari ya kukataliwa na umemwaga adrenalini, hauna namna ya kujua kwamba hatari yenyewe ni imeili. Wengi wanajiambia "tulia, tulia" na haisaidii kitu kwa sababu mwili ulioamka haukubali kuambiwa ulale. Mtafiti Alison Wood Brooks alifanya majaribio yaliyotoka 2014, watu walipaswa kuimba karaoke, kuhutubia, kufanya hesabu chini ya presha, na waliojiambia kwa sauti kwamba wana shauku walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha utulivu. Maana yake presha na shauku mwilini zinafanana sana, moyo uleule mbio zilezile, jina ndo tofauti. Sema kwa sauti, peke yako chumbani, "nina hamu ya kuongea na huyu mtu". Kwako ni kweli, ungekuwa huna hamu usingekaa nalo wiki sita. Na ukivuta pumzi, ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuingiza, mara tano sita, mapigo yanashuka kidogo, inatosha kubonyeza.

Ila dawa yenyewe ni idadi. Kuna mwanasaikolojia Albert Ellis, akiwa na miaka 19 alikuwa anaogopa kabisa kuongea na wanawake asiowajua, akajipa kazi ya kwenda bustani ya mimea kule Bronx, New York, kila mwanamke atakayemkuta amekaa peke yake kwenye benchi akae naye amwongeleshe. Kwa maelezo yake mwenyewe aliwafuata 130, thelathini wakanyanyuka wakaondoka, akaongea na 100, mmoja akakubali kukutana naye, na huyo mmoja hakutokea. Kwa hesabu ya matokeo ni sifuri, lakini alisema woga ulimwisha, kwa sababu hakuna aliyemfanyia kitu kibaya, hakuna aliyepiga kelele, na baadhi ya mazungumzo yalikuwa matamu tu. Baadaye akaja kujenga tiba nzima inayotumia kanuni hiyohiyo, mtu aingie kwenye anachoogopa kwa makusudi na kwa kurudia.

We una watu 11. Usianze na yule profesa wa kwanza kwenye orodha ambaye umempigia mstari mwekundu, huyo ndo unamwogopa kuliko wote na ndo maana wiki sita zimeenda. Anza na wawili ambao hata wasipojibu hutapungukiwa usingizi. Jumatatu mmoja, Jumatano mwingine, wiki inayofuata watatu. Profesa aje wa nane au wa tisa, wakati huo maneno yameshazoea mdomo na una mambo mawili matatu ya kumwambia uliyojifunza kwa wengine, na hilo lenyewe litakufanya uongee naye kama mtu wa fani.

Nikwambie kitu nilichokiona kwangu. Mtu wa kwanza kabisa niliyepangiana naye simu alikuwa nchi nyingine, nilikuwa nimeandika maswali 14, karatasi inatetemeka mkononi mpaka nikailaza mezani nikaikandamiza na kikombe. Alipopokea nikasikia mtoto analia nyuma yake. Akaniambia subiri kidogo, nikamsikia anambembeleza kwa lugha ambayo siijui lakini kila mtu anayebembeleza mtoto anasikika vilevile, akarudi anahema, akasema samahani sana leo nimebaki naye mwenyewe, naomba usinichoke. Yeye ndo alikuwa ananiomba msamaha mimi! Nikaangalia ile karatasi chini ya kikombe, nikauliza swali la tatu badala ya la kwanza kwa sababu la kwanza lilikuwa la kujionyesha nimesoma. Tuliongea dakika 35. Maswali niliyotumia ni manne.

Kwa hiyo maswali matatu yanakutosha, na kwenye yako tisa uliyonitumia, sita yanajibika kwa kufungua tovuti ya taasisi yake, yafute. Yaliyobaki ni mazuri, na lile la kwamba "siku modeli yenu ilisema mto utafurika mkatoa tahadhari afu haukufurika, kesho yake ofisini mnaongea nini" hilo sijawahi kuliona popote na nimelipenda sana, mtu wa fani akilisikia atakaa vizuri kwenye kiti. Lile la mafuriko ya Julai 2021 bonde la Ahr kule Ujerumani liulize kwa upole na lisiwe la kwanza. Watu zaidi ya 180 walikufa nchini humo, wakati tahadhari kutoka mfumo wa Ulaya wa kutabiri mafuriko zilikuwa zimeshatoka siku kadhaa kabla, na unayeongea naye inawezekana alikuwa zamu usiku ule. Uliza "kwenye kazi yenu ya kila siku nini kimebadilika tangu pale", usiulize "mlishindwaje". Halafu sikiliza, na swali linalofuata litoke kwenye alichojibu. Kuna utafiti wa Harvard wa 2017 ulioonyesha watu wanampenda zaidi anayeuliza maswali, hasa yale yanayofuatia jibu walilotoa, lakini hata bila utafiti unajua raha ya mtu kukuuliza "ehe, afu ikawaje".

Umeniambia pia unaogopa lafudhi yako na kwamba lugha itakukimbia. Andika sentensi mbili za kufungulia na moja ya kufungia, zikariri kwa sauti mpaka zitoke zenyewe, katikati hapo usikariri chochote. Usiposikia sema hukusikia, wahandisi wa Uholanzi na Japani nao wanaongea lugha ya kujifunza kama wewe, mara nyingi mtakuwa wote wawili mnatafuta maneno. Mkikwama andikeni kwenye sehemu ya kuchati, au chora mchoro uonyeshe kwenye kamera, we si mhandisi bwana.

Ikifika dakika ya 18 sema wewe mwenyewe muda unaisha. Hiyo ndo adabu ambayo watu hawaisahau, kuliko samahani zote. Akitaka kuendelea ataendelea. Kabla ya kuagana uliza kitu kimoja, kuna mtu mwingine unadhani ningefaidika kuongea naye, na kama yupo naweza kumwambia ni wewe uliyenielekeza? Hapo ndipo ile orodha ya wageni inapoanza kuwa orodha ya watu ulioelekezwa kwao. Siku ileile au kesho yake andika asante, itaje sentensi moja aliyosema ambayo utaifanyia kazi, na baada ya miezi miwili mitatu mrudie umwambie uliifanyia nini. Wengi hawarudi. Waliopewa ushauri ni wengi, waliorudi kusema ushauri wako ulinifikisha hapa ni wachache mno, na hao ndo watu wanakumbukwa nafasi ikitokea.

Asiyejibu mkumbushe mara moja baada ya siku saba hadi kumi, mistari miwili, basi, mwache. Kukataliwa kwa ukali kupo pia, ni nadra ila kupo, mi kuna mmoja alinijibu mstari mmoja kwamba hatoi ushauri bure, ikaniuma siku mbili nzima, siku ya tatu nikapata jibu la mtu mwingine lenye kurasa mbili za maelekezo na namba ya simu. Kama ningeacha siku ya kwanza hizo kurasa zisingekuwepo. Na kitu kimoja cha usalama: mtu akikujibu haraka haraka afu akaanza kukuomba pesa ya "kukuunganisha", au picha ya pasipoti, au anakuahidi kazi ambayo hukuiomba, funga mazungumzo hapohapo, huyo siye mtu uliyemwandikia hata kama picha ni yake.

Sasa nakuomba usiirekebishe rasimu yote. Chukua ya kwangu hapo juu, badilisha unachotaka ili isikike kama wewe, na leo hii umwandikie yule wa saba, wa mabwawa. Usinitumie kwanza niikague. Nitumie baada ya kuituma, na akikubali kuongea, nataka kujua alijibu nini kwenye lile swali la mto ambao haukufurika.